Vifungio vya Marker Griffon 13 na Fundi Aliyevifunga: Tathmini Baada ya Msimu Mmoja

Vifungio hivi nilivinunua mwishoni mwa Oktoba katika duka dogo la vifaa vya ski, yaani mbao za kutelezea juu ya theluji, mjini Chur, mashariki mwa Uswisi, na nimevitumia msimu mzima wa baridi kwenye miteremko ya Lenzerheide na ya Brambrüesch, mlima ambao lifti yake ya kebo huanzia mjini penyewe. Kabla sijasema lolote juu ya chuma na plastiki nilivyolipia, niseme wazi kwamba kati ya faranga 330 nilizoziacha kaunta siku ile, zile 70 za kazi ya fundi ndizo zilizotumika vizuri kuliko zote, na sehemu kubwa ya tathmini hii itahusu saa moja na nusu niliyokaa mbele ya meza yake.

Kifungio cha ski ni mtambo unaoshika buti juu ya ubao, kipande kimoja kikibana ncha ya mbele na kingine kikibana kisigino. Kazi zake mbili zinagombana: kinatakiwa kuushika mguu barabara mtu anapokata kona kwa kasi juu ya barafu, na wakati huohuo kinatakiwa kuuachia pale nguvu inayoupitia inapokaribia kiwango cha kuvunja mfupa. Kipande cha mbele huachia kwa kwenda kulia au kushoto mguu unaposokotwa, na cha kisigino huachia kwa kuinuka mwili unapotupwa mbele. Ndani ya kila kipande kuna springi, skrubu ya kuikaza, na kidirisha chenye namba ambazo watu wa huku huziita DIN, kwa jina la taasisi ya viwango ya Ujerumani. Namba ikiwa kubwa, mguu huhitaji nguvu kubwa zaidi ili uachiwe. Wazo lenyewe limezaliwa na maumivu. Hjalmar Hvam, Mnorwe aliyehamia Portland huko Marekani, alivunjika mguu mwaka 1937 na akiwa bado hospitalini akachora kifungio kinachoachia, na mwaka 1952 Hannes Marker akaanzisha mjini Garmisch-Partenkirchen, kusini mwa Ujerumani, kampuni ambayo jina lake limeandikwa juu ya vifungio vyangu.

Mimi nami nilifika kwa fundi huyu kwa njia ya maumivu. Majira mawili ya baridi kabla ya hapo nilikodi ski katika bonde jingine, dukani mwa watu ambao sina haja ya kuwataja, na kijana aliyenihudumia aliniuliza mambo mawili tu: nina kilo ngapi, na natelezaje. Mtu aliyelelewa Tanga ukimwuliza hali ya jambo lolote, ulimi wake humtangulia kujibu, nami nikajibu "vizuri tu", kama mtu anayejibu salamu. Kijana akaliandika jibu lile kama lilivyo, akakaza vifungio hadi saba na nusu, akanipa ski. Siku hiyohiyo alasiri, nikiwa natembea pole pole kuelekea lifti, mahali ambapo hata mtoto asingeogopa, ski ya kulia ilinasa kwenye theluji nzito nami nikaendelea kuzunguka. Buti halikutoka. Kano ya upande wa ndani wa goti ilivutika, na kwa wiki sita nilikuwa mgeni wa kudumu wa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Nasisitiza kwamba nilikuwa nikienda pole pole, kwa sababu wengi wetu tunadhani hatari iko kwenye kasi, kumbe anguko la kasi lina nguvu ya kutosha kufungua karibu kifungio chochote. Ni lile anguko la taratibu, lenye msokoto mrefu, linalodai namba iwe sahihi.

Fundi wa Chur, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, alianza kwa kunipandisha kwenye mizani. Nilimwambia kilo 70. Mizani ikasema 74, naye akaandika ya mizani bila kusema neno. Akapima kimo changu, sentimita 175, akauliza umri, miaka 48, kisha akaligeuza buti langu na kusoma namba ndogo iliyochongwa ubavuni karibu na kisigino: milimita 315. Huo ni urefu wa soli kwa nje, na haufanani na saizi ya mguu. Una maana kubwa kwa sababu soli ni wenzo: kwa namba ileile, mguu wenye soli ndefu huhitaji msokoto mkubwa zaidi ili uachiwe kuliko wenye soli fupi, hivyo watu wawili wenye uzito uleule na kimo kilekile, mmoja akiwa na buti la milimita 285 na mwingine la 335, hawapaswi kuwekewa namba moja. Buti jipya lenye soli ya urefu tofauti linakulazimu kurudi kwa fundi, hata kama ski na vifungio ni vilevile.

Halafu akaniuliza mimi ni mtelezaji wa aina gani, na safari hii jibu la salamu halikukubalika. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11088, ambacho ndicho mafundi wanachokifuata wanapofunga na kupima vifungio, kinawagawa watu katika aina tatu: wa kwanza ni yule anayekwenda taratibu kwenye miteremko laini na anayependa kifungio kimwachie mapema hata kama wakati mwingine kitamwachia bila sababu, wa tatu ni yule anayekwenda kwa kasi kwenye miteremko mikali na anayekubali hatari kubwa zaidi ya kutoachiwa, wa pili ni wote waliobaki katikati. Mteja mwenyewe ndiye anayetaja aina yake na kuiwekea saini. Nilivutwa na aina ya tatu, sitaficha, kwa maana hakuna mwanamume anayependa kujitangaza kuwa wa kati mbele ya kaunta, lakini goti langu lilinikumbusha adabu nikasema ya pili. Jedwali la kiwango hicho likatoa tano na nusu. Umri nao una nafasi yake: mtoto wa miaka tisa au chini yake, na mtu mzima aliyefika miaka 50, hushushwa safu moja kwenye jedwali. Mzee aliniambia bila kutabasamu kwamba baada ya miaka miwili tutaonana kwa sababu hiyo.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa kifungio chenyewe. Nilikuwa nimeingia dukani nikitaka Look Pivot 15, kwa sababu kisigino chake kinachozunguka juu ya kisahani ni kizuri kukitazama na vijana wote wa lifti wanakisifia. Fundi alinitaka nijue kwanza mizani ya namba za kifungio hicho inaanzia wapi. Inaanzia sita. Namba yangu haimo kabisa ndani ya kifungio kile, na kama ningekichukua ningekuwa nimelipa zaidi ili nirudi palepale pa kukazwa kupita kiasi. Pivot 12 huanzia nne na kuishia 12, kwa hiyo ingewezekana; Tyrolia Attack 11 huanzia tatu; Marker Griffon 13 huanzia nne hadi 13. Watu wengi wanaisoma namba ya mwisho kama ishara ya ubora, ilhali swali la maana ni kama namba yako inakaa ndani ya mizani mbali na kingo zake, na nafasi ikabaki ya kupanda au kushuka uzito unapobadilika.

Kwa kipimo hicho hicho inanibidi nijilaumu kidogo. Tano na nusu ndani ya Griffon iko karibu na chini kuliko katikati, na Marker wanatengeneza kifungio chepesi na cha bei nafuu zaidi, Squire, ambacho mizani yake huanzia tatu na ambacho kingenitosha kabisa. Fundi alinieleza hivyo waziwazi, jambo ambalo si kila muuzaji hulifanya akiwa ameshika kitu cha bei kubwa mkononi. Nilichukua Griffon kwa sababu nilitaka kifungio imara cha kudumu miaka mingi kwenye ski pana kiasi, na kwa sababu nilikwisha kukishika. Mke wangu, ambaye namba yake ni tatu na nusu, hakuwa na anasa ya kujidanganya: Griffon kwake haiwezekani, akachukua Squire, na mpaka leo sijaona siku niliyoteleza vizuri kuliko yeye kwa sababu ya vifungio.

Jambo ambalo Griffon ya sasa inalifanya vizuri sana ni kupokea soli za namna mbalimbali. Zamani buti la ski lilikuwa na soli bapa na ngumu ya kiwango cha ISO 5355, na kila kifungio kililipokea. Siku hizi mabuti mengi yana soli za GripWalk, zenye mpira na mkunjo wa mbele ili mtu aweze kutembea hadi mgahawani bila kuonekana kama mtu mwenye magogo miguuni, na kiwango chake ni kingine, ISO 23223. Yako pia mabuti ya kupandia milima kwa miguu, ya ISO 9523, yenye mkunjo mkubwa zaidi. Soli ya namna moja ikiingizwa kwenye kifungio cha namna nyingine inaweza kuingia na kufanya sauti ileile ya kufunga, huku ikiwa haitatoka inavyotakiwa. Griffon yenye alama ID ina skrubu inayopandisha na kushusha kibao kidogo kilicho chini ya ncha ya buti, kile ambacho huteleza kwenda pembeni ili buti litoke bila kukwamishwa na msuguano. Fundi alisukuma kikaratasi kigumu cha nusu milimita kati ya soli na kibao, akakivuta, akageuza skrubu kidogo, akakivuta tena, mpaka kikawa kinatoka kwa kukwaruza kidogo tu. Kisha akapangusa soli zangu kwa kitambaa na kunionyesha mahali ambapo saruji ya maegesho ya magari imekwisha kuanza kuzila. Soli iliyolika hubadilisha kila kipimo alichokuwa amekichukua, na vizibo vya mpira vya kuvalisha soli wakati wa kutembea vinauzwa kwa bei ya chai na keki.

Breki nazo zina saizi. Ni vile viwiko viwili vya chuma vinavyoshuka buti linapotoka, ili ski isishuke mlima peke yake na kumpata mtu asiye na hatia. Ski yangu ina upana wa milimita 88 kiunoni, na Griffon hupatikana na breki za 90, 100, 110 na 120, hivyo chaguo lilikuwa la 90. Breki nyembamba kuliko ski haishuki, na pana kupita kiasi huburuza kwenye theluji mtu anapolaza ski kwenye kona. Zaidi ya hapo sina la kuongeza kuhusu breki.

Utobozi wa ski ndio uliokuwa mgumu kuutazama, kwa mtu aliyetoka kulipia ski mpya muda mfupi kabla. Juu ya ski kuna kistari cha kuonyesha mahali katikati ya buti panapostahili kukaa, na juu ya buti kuna kistari kingine cha kukutana nacho. Fundi alibana juu ya ski fremu ya chuma yenye matundu yaliyopangwa kwa ajili ya kifungio hiki hasa, akasoma maandishi madogo juu ya ubao yaliyosema 4.1 x 9, yaani kekee ya unene wa milimita 4.1 na kina cha milimita tisa, kwa sababu ski yangu ina matabaka ya aloi ya alumini ndani. Ski zisizo na chuma hutobolewa kwa 3.5. Kekee yake ilikuwa na bega linaloizuia kuzama zaidi ya tisa, na hapo nilishusha pumzi. Akapitisha chombo cha kuchonga njia ya skrubu, akapuliza unga wa alumini, akadondosha tone la gundi katika kila tundu ili maji yasiingie kwenye mbao za ndani, kisha akakaza skrubu kwa mkono, kwa bisibisi ya Pozidriv namba tatu, akisema kwamba mashine haihisi wakati uzi wa skrubu unapoanza kuchanika. Wanaojaribu kazi hii nyumbani wapo, na wengine huiweza. Mimi nikimtazama mzee yule niliona sababu kumi za kutojaribu.

Kilichofuata ndicho ambacho duka la kukodisha halikukifanya hata kwa dakika moja. Kwanza, shinikizo la mbele: kisigino hukaa juu ya reli na husukumwa na springi kuelekea kwenye buti, na kwenye Griffon kichwa cha skrubu iliyo nyuma kinatakiwa kiwe sawasawa na uso wa ganda lake buti likiwa limefungwa, kisichomoze wala kisizame. Kikichomoza au kuzama, namba iliyo kidirishani haina maana tena, kwa kuwa buti limebanwa zaidi au limelegea, na mtu anaweza kuachiwa katikati ya kona au asiachiwe kabisa. Mtu yeyote anaweza kukiangalia kichwa hicho mwenyewe kila asubuhi, na mimi sasa hukiangalia kama dereva anavyotazama matairi.

Pili, mashine. Ski ilifungwa mezani, buti likaingizwa, na mashine ikalisukuma pole pole kulia mpaka likaruka, kisha kushoto, kisha ikainua kisigino, na kila mara ikaandika nguvu iliyohitajika kwa Newton-mita na kuilinganisha na kiwango kinachokubalika kwa mtu wa vipimo vyangu. Kipande cha kisigino cha ski ya kushoto kilitoka kwa nguvu iliyopita mpaka kidogo, ingawa kidirisha kilisoma tano na nusu sawa na wenzake. Fundi akakilegeza robo, akapima tena, kikaingia ndani ya kiwango. Kwa hiyo kidirisha kimoja changu leo hakisomi tano na nusu, na hivyo ndivyo kinavyopaswa kuwa. Namba ya kidirishani ni makadirio ya kuanzia; kipimo chenyewe hutolewa na mashine. Nilipewa karatasi yenye matokeo yote, na nilikumbushwa kwamba BFU, kituo cha Uswisi cha kuzuia ajali, kinashauri vifungio vipimwe kila mwaka.

Nilimwuliza kama sasa goti langu liko salama. Hakunidanganya. Vifungio vya kuachia vimepunguza sana kuvunjika kwa mfupa wa muundi tangu miaka ya 1970, lakini kano za goti, hasa ile ya mbele iliyo ndani ya kiungo, hazikupata nafuu ya kiasi hicho, kwa sababu anguko linaloziumiza mara nyingi ni la mtu aliyeketi nyuma ya ski huku mkia wa ski ukisokota mguu kutokea kisiginoni, na kifungio cha kawaida hakiachii kisigino kwenda pembeni. Wapo waliojaribu kuliziba pengo hilo: KneeBinding ya Marekani, na Protector ya Tyrolia, ambazo kisigino chake huweza kwenda pembeni. Sijazitumia, kwa hiyo siwezi kuzisifu wala kuzikosoa, ila mtu aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa goti namshauri aziulizie kabla ya kununua kitu kingine.

Juu ya theluji, Griffon ni kifungio kisichojitangaza, na kwangu hiyo ni sifa. Kwenye barafu ya asubuhi ya Lenzerheide, ambako ski hutetemeka kama lori tupu kwenye barabara ya vumbi, kipande cha mbele husogea pembeni kidogo na kujirudisha katikati bila kuachia, na huo ndio uwezo unaofanya namba ndogo itoshe: kifungio chenye mwendo mzuri wa kujirudisha hakihitaji kukazwa ili kishike. Wapenzi wa Pivot watasema kisigino chao kina mwendo wa milimita 28 kabla ya kuachia na kwamba hakuna kinacholingana nacho, na huenda kwa mtu wa kasi yao tofauti hiyo ni kubwa. Kwa kasi yangu sikuwahi kuachiwa pasipo sababu hata mara moja. Nilianguka vibaya mara mbili. Mara ya kwanza, mwezi wa Januari, ski zote mbili zilitoka na nikateleza juu ya tumbo hadi miguuni pa mwalimu na darasa lake la watoto, ambao walifurahi sana. Mara ya pili ilikuwa ile namna ninayoiogopa, ya taratibu, kwenye theluji nzito ya Machi, mguu ukaanza kusokotwa kwa ndani, nikasikia mlio mmoja mkavu, na buti likawa huru. Nililala pale nikiligusa goti, nikalikuta zima.

Ugumu ninaoujua ni wa kuingia asubuhi kukiwa na barafu iliyoganda chini ya soli. Hilo ni la vifungio vyote, na dawa yake ni kuikwangua kwa ncha ya fimbo na kupangusa kile kibao cha mbele kabla ya kukanyaga, bila haraka, hata kama wenzako wamekwisha kushuka. Gari likiwa na ski juu ya paa, huzifunika kwa mfuko, maana chumvi ya barabarani huingia kwenye springi. Nalo nililisahau mara moja na nikatumia jioni nzima kuziosha kwa maji ya uvuguvugu.

Neno moja kwa wenzangu wa huku ambao, kama mimi zamani, hupitia kwanza Brockenhaus, maduka ya vitu vilivyotumika. Ski nzuri za faranga 40 zipo, na mabuti mazuri yapo. Vifungio vya miaka ya 1990 vilivyo juu ya ski hizo ni habari nyingine: plastiki yake imezeeka, springi haijulikani ilikaa wapi na imekazwa kwa muda gani, havikutengenezwa kwa soli za GripWalk, na watengenezaji wenyewe huacha kuviunga mkono baada ya muda, hivyo fundi makini hukataa hata kuvipima. Ukizipenda sana ski hizo, weka akilini bei ya vifungio vipya kabla ya kushangilia.

Duka lenyewe lina kasoro zake. Halipokei miadi kwa simu baada ya saa kumi jioni, Jumamosi hufunga mapema, na kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba foleni ya vifungio hufika siku nane au tisa, kwa kuwa mzee anafanya kazi peke yake na hakubali kuharakishwa na mtu. Ukienda mwezi wa Oktoba utapata nafasi siku hiyohiyo. Chukua mabuti utakayoyavaa kweli, yaliyosafishwa, na usimtajie uzito wako, ataupima mwenyewe.